Bangili Iliyovaliwa Msibani

Mama Nalongwa alidai ameibiwa upepo, na mwizi alikuwa amesimama hatua tano tu kutoka kwake, amevaa kofia ya pama, anatafuna mbegu za alizeti.

"Tangu huyu bwana asimamishe pangaboi lake jipya," aliniambia, "langu linazunguka kama mtu anayeumwa tumbo. Jana nimeshindwa hata kukamua mafuta. Mashine inawaka, inazima, inawaka, inazima."

"Upepo ni wa Mungu," Bwana Njiku akasema, akatema ganda.

"Na hiyo nguzo ya mita arobaini, nayo ni ya Mungu? Uliiomba kanisani?"

Watu wakacheka. Walikuwa wamekuja kama thelathini hivi, wengine na vigoda vyao, maana kwetu Ilongero kesi ya upepo ni burudani na haina kiingilio. Tangu kila nyumba ya Singida ianze kuishi kwa umeme wa pangaboi lake, upepo umekuwa kama mpaka wa shamba. Ukimsimamia jirani mbele umemnyang'anya chakula, na sheria inasema aitwe mpatanishi kabla hajaitwa polisi.

Mpatanishi ni mimi. Nilisimama katikati yao na mikono mifukoni, nikawaacha wamalize pumzi. Kisha nikatoa daftari.

Nilikuwa nimefika pale siku moja kabla, peke yangu, nikachomeka fimbo kumi na mbili zenye utepe mwekundu, nikaandika tangu saa moja asubuhi hadi saa kumi. Kwa hiyo nilijua jambo ambalo wao hawakulijua. Pangaboi la Bwana Njiku lilikuwa linamnyonya mama wa watu kuanzia saa tano mpaka saa nane tu, upepo ukitoka mashariki. Na lenyewe lilikuwa halishibi, kwa sababu lilisimama nyuma ya kilima kidogo ambacho kwa macho hukioni, ila upepo unakiona.

"Ukilisogeza hatua thelathini kusini," nikamwambia, "mama anapata wake, na wewe unaongeza robo. Nenda kaangalie utepe wa fimbo ya tisa, bado upo."

Bwana Njiku alikwenda, akatazama utepe, akauvuta kama anayetaka kuukamata uongo. Akarudi. Mama Nalongwa akamwuliza kama atahitaji vijana wa kumsaidia kuhamisha nguzo, naye akajibu kwamba hataki msaada wa mtu aliyemwita mwizi, lakini chai akiandaliwa hataikataa. Hapo nikajua kesi imekwisha.

"Huyu dada, mashine ya vipawa haikumkosea," nilimsikia mzee mmoja akisema huku akikunja kigoda chake. "Ameumbiwa ugomvi."

Nilipofunga daftari niliirudisha mikono mifukoni, na sikuitoa mpaka nilipofika kwenye pikipiki yangu. Mikono ilikuwa inatetemeka. Kwa miaka kumi, kila watu wawili wakipandisha sauti mbele yangu, moyo wangu umekuwa ukikimbia kama kuku aliyeona mwewe, na hakuna aliyejua isipokuwa mimi na shangazi yangu.

*

Ofisini nilikuta barua. Kituo cha Vipawa kilinikumbusha kwa upole kwamba cheti changu kimetimiza miaka kumi, na kwamba kwa utaratibu mpya natakiwa kuvaa bangili kwa mara ya pili, siku arobaini, ili kuthibitishwa katika kiti changu. Bangili yenyewe ilikuwa ndani ya bahasha, nyeusi, nyepesi, bado imelala.

Nilikaa nikaitazama kwa muda mrefu. Ukutani, juu ya kichwa changu, kilining'inia cheti kile cha kwanza: *Elisifa Ntandu. Nguvu ya kwanza: hutulia pale watu wanapogombana. Kazi inayopendekezwa: mpatanishi.* Kilikuwa kimepigwa mhuri na kimewekwa kwenye fremu nzuri, na hakukuwa na neno hata moja la kweli ndani yake ukiondoa tarehe.

Bangili haisikilizi maneno, sheria imeikataza. Inasikia damu tu. Inahesabu mapigo, inapima jasho na joto la ngozi, kisha inatafuta kitu kimoja: mahali ambapo kazi inakuwa ngumu na moyo wako, badala ya kupanda, unashuka. Waliobuni mtambo huo waligundua kwamba binadamu hudanganya kuhusu anachokipenda, hata kwa nafsi yake, lakini damu hairembi. Mwalimu wa kweli hutulia darasa likichafuka. Fundi wa kweli hutulia chombo kikigoma. Pale unapotulia ndipo nguvu yako ilipo, na ndipo unapopelekwa kazini.

Nilivaa bangili yangu ya kwanza Jumatatu moja, nikiwa na miaka kumi na tisa. Alhamisi yake mama yangu akafariki.

Katika ukoo wa mama, aliyefiwa na mzazi havai kitu mkononi wala shingoni mpaka arobaini ipite. Pete, saa, shanga, vyote huvuliwa mlangoni na kuwekwa kwenye ungo. Akina bibi waliponishika mkono wakaiona bangili, hawakuuliza ni ya nini. Wakaivua. Mmoja akasema serikali ina muda mwingi, itasubiri. Haikuwa kweli. Bangili ikishavaliwa, ikikaa saa moja bila mkono wa mtu aliye hai, inakufa, na aliyepewa anarudi mwisho wa foleni. Foleni wakati ule ilikuwa ya miaka sita.

Shangazi Damari, dada yake baba, hakuwa wa ukoo wa mama na mwiko ule haukumhusu. Alikuwa anapita na sufuria la maharage. Akaliweka chini, akaichukua bangili kwenye ungo, akaivaa.

"Isife," alisema. "Ikifa nayo tutakuwa na misiba miwili."

Ndivyo ilivyokuwa. Bangili ikakaa siku thelathini na saba kwenye mkono wa mwanamke anayeendesha msiba. Ndugu wa mama walitaka azikwe kwao, ndugu wa baba wakasema haiwezekani. Kwaya mbili zilifika na kila moja ikasema ndiyo iliyoalikwa. Mchele ulipungua siku ambayo wageni waliongezeka. Wajomba wawili ambao hawakuwa wamesemeshana tangu nizaliwe walipangiwa kulala chumba kimoja, na nikajua baadaye kwamba shangazi aliwapangia makusudi. Mimi nilikuwa nimelala kwenye mkeka nikimlilia mama yangu, na katikati ya dhoruba ile yote bangili ilisikia moyo unaoshuka, unaoshuka, unaotulia kabisa.

Siku arobaini za bangili zilipotimia, nikairudisha kituoni kama yangu. Wakanisomea cheti mbele ya watu.

Ningesema palepale. Sikusema. Nilikuwa sina mama, sijui niende wapi na maisha, na mtu mwenye tai alikuwa amesimama jukwaani ananiambia kwamba mimi ni mtu fulani. Nilikubali kwa sababu niliogopa kuwa si mtu yeyote. Baadaye kazi ikanoga, na jambo likinoga ni vigumu kulitapika.

*

Nilimkuta shangazi uani kwake, anawanywesha vifaranga dawa. Kwenye benchi walikuwa wamekaa wanandoa wawili wa jirani, ndio wanainuka kuondoka, mke amebeba bakuli la mayai ambalo bila shaka alipewa kama kisingizio cha kuja tena kulirudisha. Mume alikuwa na uso wa mtu aliyesemwa akakubali.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Kaa. Umekonda."

Hunikuta nimekonda kila wiki. Nilimpa barua. Aliisoma akiwa ameisogeza mbali na uso, kisha akanyoosha mkono wake wa kushoto, akakunja mkono wa gauni.

"Ilete."

"Shangazi."

"Siku arobaini si kitu. Mwaka huu nina harusi mbili na ule mgogoro wa wanakwaya, itashiba vizuri. Wewe endelea na kazi yako. Nani atajua?"

Sitajifanya mwema. Nilikuwa nimetoka ofisini nikiwa na jibu hilohilo mfukoni, nikisubiri tu alitamke yeye ili lisionekane langu. Kuazimana bangili ni kosa, aliyekamatwa huondolewa kwenye kiti kwa miaka mitano, na mimi kiti kile nakipenda. Napenda kufika kwenye shamba la mtu na kuacha kuna amani. Nilishakipenda kuliko kitu chochote nilichowahi kuwa nacho.

Nikaitoa bangili kwenye bahasha. Akaipokea, akaigeuzageuza kwa vidole vyenye unga wa dawa ya kuku.

"Siku ile waliposoma cheti," akasema, "nilikuwa nyuma kabisa ya ukumbi. Ulijua?"

"Sikujua. Ulisema una kuku wagonjwa."

"Nilikuja kwa miguu. Nikasimama mlangoni. Walipofika pale kwenye kutulia watu wanapogombana, nikasema moyoni, kumbe."

"Kumbe nini?"

"Kumbe si kiherehere."

Alisema hivyo bila uzito wowote, akiangalia vifaranga wake.

"Mama yangu alinichapa kwa kiherehere," akaendelea. "Shuleni nilisimamishwa kwa kuingilia ugomvi usionihusu. Marehemu mume wangu, Mungu amrehemu, alikuwa akisema mimi nanusa ugomvi kama fisi anavyonusa mzoga. Nikawa naona aibu. Nikisikia watu wanazozana mtaa wa pili, miguu inakwenda yenyewe, na huku najisema, Damari, huna adabu. Nilikuwa na miaka hamsini na miwili siku ile, bado najisema. Halafu mashine inasoma mbele ya watu kwamba ile ni nguvu. Nilirudi nyumbani nikachinja kuku mmoja, nikamla peke yangu."

Wakati ule, kama hata leo, walikuwa hawawapimi waliovuka arobaini na mitano; walisema haina faida kumwambia mtu nguvu yake jua likiwa limeshainama. Kwa hiyo siku zile thelathini na saba ndizo pekee ambazo dunia iliwahi kumpima shangazi yangu, na jibu lake lilikuwa limening'inia ofisini kwangu, kwenye fremu, na jina langu juu. Alikuwa akiniletea maandazi pale ofisini. Bila shaka alikuwa akikitazama.

"Nirudishie bangili, shangazi."

"Usiwe mjinga. Utapoteza kazi."

"Nirudishie."

"Elisifa, mimi sidai kitu. Nimefurahi kujua tu. Mtu akishajua inatosha."

"Haitoshi," nikasema, na sauti yangu ikapasuka, na moyo ukaanza zile mbio zake. Sikuwahi kugombana na shangazi yangu hata siku moja. Yeye alikuwa ametulia kabisa, kwa kawaida yake, na hilo liliniudhi zaidi.

Kisha akaniwekea bangili kiganjani, akarudi kwa kuku wake, na hakunisemesha siku mbili.

*

Niliivaa siku arobaini. Nilikwenda nayo kwenye kesi tisa, nikatetemeka kwenye zote tisa, nikazimaliza zote tisa. Sikujaribu kuidanganya. Nilidhani ningekuwa na hofu siku zote hizo, lakini ukweli ni kwamba baada ya wiki ya kwanza nililala vizuri kuliko miaka yote kumi.

Afisa wa Kituo cha Vipawa, Kalebi Mkumbo, alikuwa kijana wa miaka thelathini hivi mwenye shati lililonyooshwa sana na tabia ya kusoma kila karatasi mpaka mstari wa chini. Kabla hajaiweka bangili kwenye kisomeo, nilimsimamisha, nikamweleza yote: msiba, ungo, mkono wa nani, siku ngapi. Nilimwambia pia kwamba shangazi hakuwa na nia ya kudanganya. Aliokota kitu kisife. Udanganyifu ulianza siku niliyonyamaza.

Aliandika. Kisha akaiweka bangili kwenye kisomeo hata hivyo, na mstari wa siku zangu arobaini ukajichora kwenye ukuta.

"Kesi tisa," akasema, akinyoosha kidole. "Mapigo yamepanda mara tisa. Hapa umefika mia na arobaini. Dada, samahani kuuliza, hii kazi umeifanyaje miaka kumi?"

"Kwa kufika jana yake."

Akaurudisha mstari nyuma kwa siku moja, kabla ya kila kesi. Nami nikauona. Kila nilipokuwa peke yangu uwanjani na fimbo zangu, jua kali, hesabu zinagoma kukubaliana, mstari uliteremka taratibu ukatulia kama maji ya mtungi. Tisa kwa tisa. Nilijitazama pale ukutani na nikaona haya kidogo, kama mtu aliyechungulia akajikuta mwenyewe.

"Kuna ofisi inachora ramani ya upepo ya mkoa mzima," Kalebi akasema. "Wametafuta mtu miaka miwili. Wanaopenda hesabu hawapendi jua, na wanaopenda jua hawapendi hesabu." Akasita. "Lakini kiti cha upatanishi hutakikalia tena, kwa miaka mitano. Hilo siwezi kulikwepa. Cheti chako cha kwanza nakifuta leo."

Nilijua yatakuja, na bado yaliniuma. Nililia kidogo, na yeye akasoma karatasi zake kwa bidii ili asinione. Nilikuwa nalilia kina mama Nalongwa na kina Njiku, na chai inayotolewa baada ya ugomvi. Wakati huohuo kitu fulani mabegani kilikuwa kimeshuka, na nilikuwa na furaha. Nasema nilivyojisikia, wala sijui namna nyingine ya kulieleza.

Mlango ukagongwa. Shangazi Damari akaingia bila kungoja, amevaa gauni lake la kanisani, amejifunga kitambaa kichwani kama anayekwenda kubatizisha. Sikuwa nimemwambia siku ya kusomewa. Mtaa mzima ungeweza kumwambia.

"Kijana," akamwambia Kalebi, "kosa ni langu. Aliyeivaa ni mimi. Huyu alikuwa mtoto wa miaka kumi na tisa amefiwa na mama yake. Kama kuna kuondolewa, niondoeni mimi."

"Shikamoo, mama. Karibu ukae. Wewe nikuondoe wapi? Huna kiti."

"Basi nipeni, halafu mniondoe."

Kalebi alicheka kabla hajajizuia. Kisha akaupekua ule mwongozo wake wa kazi, ukurasa baada ya ukurasa, kwa muda ambao shangazi aliutumia kuniuliza kwa macho kama nimekula. Aliposimamisha kidole, alikuwa chini kabisa ya ukurasa, kwenye maandishi madogo.

"Kipimo ni cha mwenye mapigo," akasoma. "Haisemi cha aliyeandikishwa. Ungekuja kupimwa leo, mama, ningekataa, umri umepita. Lakini wewe ulishapimwa. Na hakuna kifungu kinachosema kipimo kilichokwisha kufanyika kitupwe." Akainua macho. "Naweza kulipeleka juu, na watabishana. Wakibishana, sidhani kama utakosa usingizi."

"Wabishane," shangazi akasema. "Nitakuja kuwasikiliza."

"Na kiti cha Ilongero kiko wazi kuanzia saa hii."

Hapo ndipo nilipoona jambo ambalo sikuwahi kuliona. Shangazi yangu alitetemeka. Mwanamke aliyewalaza wajomba wawili chumba kimoja alishika kona ya meza ya serikali kwa mikono yote miwili. Nikasogea nikasimama karibu yake, bega kwa bega.

"Kazi hiyo naifanya tangu nina miaka tisa," akasema hatimaye. "Sikuwa nimeajiriwa tu."

Kalebi alifungua kumbukumbu ya miaka kumi iliyopita, siku thelathini na saba, na akaanza kusoma kwa sauti ya kiofisi: "Nguvu ya kwanza: hutulia pale watu wanapogombana..."

"Ngoja," shangazi akamkatiza. "Samahani, mwanangu. Hiyo nilishaisikia. Wakati ule walianza na jina."

Kalebi akaitazama karatasi, akachukua kalamu, akalifuta jina langu, akaandika juu yake polepole kwa herufi kubwa. Kisha akasimama. Hakulazimika kusimama.

"Damari Ntandu," akasoma.

"Abee," shangazi akaitika.